Bolti Zilizopikwa Ganda

Mimi nikisikia mtu anasema "bolti ni bolti tu", damu hunipanda. Kuna mteja aliyewahi kunitamkia maneno hayo hapa dukani kwangu mtaa wa Barani, kiwiko chake juu ya meza yangu, nami nikampokonya bolti niliyokuwa nimeshamfungia kwenye gazeti nikairudisha koponi. Mume wangu husema ukali wangu utawafukuza wateja wote wa Malindi. Huenda. Lakini wanaobaki hurudi.

Naitwa Moraa. Kwetu ni Kisii, na kabla ya kuolewa nilifanya kazi Nairobi katika kiwanda cha bolti na nati, mahali penye kishindo mchana kutwa hata tukazoea kuongea kwa kupaza sauti. Tabia hiyo haijanitoka. Mume wangu alipopata kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Ngomeni nilimfuata Pwani, nikafungua duka la kitu pekee ninachokijua vizuri.

Kazi ni nzuri, ila wanunuzi wana mtindo wao. Hawataji unene wa bolti wala nguvu yake, hutaja spana. "Mama, nipe bolti ya kumi na saba," maana yake ni bolti ambayo kichwa chake kinaingia spana namba kumi na saba. Sasa spana inapima kichwa tu. Bolti laini ya kufungia kitanda na bolti ngumu ya kufungia injini zinaweza kuwa na kichwa kimoja, na mtu akatoka dukani ameridhika kabisa na bolti itakayomtia aibu. Kwa hiyo kila anayenitajia spana namuuliza, "Ya kushika nini?" Wengine hununa, wakidhani nawachunguza mambo yao.

Laban hakununa. Huyu ni kijana fundi wa kuchomelea vyuma, banda lake linatazamana na duka langu. Ni mpole kupita kiasi. Akijigonga kidole, utadhani ataiomba nyundo radhi. Alikuja asubuhi moja akiwa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mama Moraa, shikamoo. Naomba bolti nne za ishirini na nne."

"Marahaba. Za kushika nini?"

Akaangalia chini, akaangalia barabarani, akarudi kwangu. "Za kushika mchumba."

Nikamvutia kigoda aketi, maana hapo palikuwa na habari.

Laban alikuwa ameunda mashine ya kukamua mafuta ya nazi kwa mama mmoja mjane wa kule kijijini Ganda, jina lake Nyevu, ambaye wote humwita Mama Emily. Mashine yenyewe si ya ajabu. Ni fremu ya chuma, chini imekaa jeki ya lori ya tani ishirini, juu kuna bamba zito lililoshikwa na bolti nne. Nazi iliyokunwa na kuanikwa hutiwa kwenye pipa dogo lenye matundu, jeki hupandishwa, pipa linasukumwa juu, bamba linakataa kuondoka, na mafuta hutiririka. Ukilifikiria jambo hilo, kazi yote ya kukataa ni ya zile bolti nne. Kila mpigo wa jeki unazivuta zikatike.

Wakati anaiunda, Laban alimwona Emily, binti wa mwenye mashine, na Emily akamwona Laban. Wazee wakapeleka posa. Mama Emily hakukataa wala hakukubali, akasema atatoa jibu. Lakini zile bolti za kwanza Laban alizinunua duka jingine, kwa namba ya spana, akapewa laini. Siku mchungaji alipokuja kuiombea mashine, bolti zikarefuka, bamba likainama upande, na machicha yakaruka yakamjaa mchungaji usoni, kwenye miwani na ndani ya kinywa kilichokuwa wazi kwa maombi.

"Mama Emily amesema mwanamume anayeshindwa na bolti nne hawezi kupewa mtoto wa watu," Laban akanieleza. "Wazee wangu watakwenda kuchukua jibu mwisho wa mwezi. Mashine ikiwa bado yaharibika, jibu ni la."

"Si uende ukazungumze naye mwenyewe?"

"Nitazungumzaje naye? Posa imeshapelekwa. Yeye sasa ni kama mkwe wangu."

Hilo nalielewa. Kwao Wagiriama, kama kwetu Kisii, mwanamume na mama wa mkewe wana heshima zao. Hawapeani mikono, hawakai karibu, hawaongei uso kwa uso. Laban alikuwa ameianza heshima hiyo kabla hajaoa, naye Mama Emily kadhalika. Tangu posa ipelekwe, fundi hakuikaribia mashine yake mwenyewe. Bolti zilikuwa zinapelekwa na kukazwa na Emily, msichana mwenye mikono ya kazi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, ambaye wiki nzima husuka nywele za watu saluni hapa mjini.

Nikampa Laban bolti zenye namba 8.8 kichwani. Nilimweleza, ingawa hakuuliza, kwa sababu siwezi kujizuia. Nane ya kwanza inakwambia bolti itavumilia kuvutwa kiasi gani kabla ya kukatika. Nane ya pili inakwambia kwamba ukifikia sehemu nane katika kumi za mvuto huo, bolti itaanza kurefuka na haitarudi ilivyokuwa. Zile laini zilizomtia aibu huwa ni 4.8, nyingine hazina namba kabisa, na hizo mimi siziweki dukani hata kwa kitanda. Nikampa na nati za kulingana nazo, kwa sababu bolti ngumu yenye nati laini ni kazi bure. Akaondoka akitabasamu.

Jumapili iliyofuata Emily alisimama mlangoni kwangu na mfuko wa plastiki. Safari hii hakuwa anacheka.

"Mama Moraa, tazama."

Bolti zangu zilikuwa zimerefuka. Mbili zilikuwa zimebonyea katikati, shingo nyembamba, kama mtu alizivuta zikiwa tope. Nilizigeuza nikaona namba 8.8 iko palepale kichwani. Nilihisi kama nimezabwa kofi. Nikampa Emily nyingine, 10.9 safari hii, ambazo huwa nawauzia wenye matrekta, na nikamwambia kwamba hizi, mashine yote ya mamake inaweza kugeuka vumbi zikabaki zimesimama.

Zikakatika. Jumapili nyingine Emily akaleta vipande. Hazikurefuka hata kidogo, zilikatika pa! kama biskuti, na ndani chembe zilikuwa zinang'aa kama sukari. Na bado hilo silo lililoniuma zaidi.

"Mama asema kila mahali kwamba Moraa wa Barani auza bolti za unga," Emily akasema, akiangalia miguu yake. "Amesema kanisani, amesema sokoni. Amesema Laban na wewe ni shauri moja."

Nilikaa chini. Mimi, bolti za unga! Laban alikuja kutoka bandani kwake, akasimama kando ya Emily, wote wawili wakiangalia vile vipande mezani kana kwamba ni maiti.

"Labda si riziki," Laban akasema polepole. "Labda nimwache ampate mtu mwingine."

"Mtu mwingine yupi?" Emily akamgeukia. "Umemwona wapi? Mimi simjui. Kama wamjua mwambie anioe wewe ushike maua."

Hapo nikaona Emily anafuta macho kwa kiganja, haraka, kana kwamba ni vumbi. Nikawaonea huruma wote wawili, na huruma yangu mimi huja pamoja na hasira. Nikaichukua tena ile bolti iliyokatika, nikaitazama vizuri badala ya kuilia. Bolti ninazouza zina rangi ya fedha, zimepakwa zinki zisile kutu upesi kwa hewa hii ya chumvi. Hii haikuwa na zinki. Ilikuwa ya kijivu, imebambuka magamba.

"Laban, umezipitishia moto?"

"Sijazigusa! Wallahi, Mama Moraa, na mimi si Mwislamu. Nimezitoa kwako nimempa Emily."

"Emily?"

"Mimi nimekaza tu. Spana na mikono yangu."

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Basi nikaamua kwenda Ganda mwenyewe. Wazee walikuwa waende kuchukua jibu Jumapili; mimi nilichukua pikipiki Jumamosi, mkobani nikiwa na bolti nne mpya na tupa ya kunolea, na kinywani nikiwa na maneno niliyoyapanga njia nzima.

Nilibisha hodi nikakaribishwa kwa sauti iliyotoka nyuma ya nyumba. Mama Emily alikuwa ameketi kwenye kibao mbele ya mafiga, mwanamke mnene mwenye macho makali, leso mbili mwilini na moja kichwani. Moto wa vifuu vya nazi ulikuwa umeshika hasa, makaa mekundu yanawaka bila moshi. Na ndani ya makaa hayo, mimi Moraa niliyekuja kutetea jina langu, niliona bolti nne, nyekundu kama pilipili iliyoiva.

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea.

"Mama! Wafanya nini?"

"Wewe nawe, hujaamkia hata," Mama Emily akasema bila kushtuka. "Waniona nafanya nini? Nasafisha vyuma."

"Shikamoo, mama. Unasafisha vipi?"

"Marahaba. Nasafisha kama visafishwavyo. Mafuta ya nazi yakikaa kwenye chuma yavunda. Hizi za kwanza kabisa, nilobaki nazo, zimeanza kushika kutu na zanuka. Mafuta yangu yanunuliwa na watu wa hoteli. Yakitoka na harufu nani atayataka? Kila Jumamosi nafungua mashine, naosha pipa, naosha bamba, bolti nazitia motoni mpaka zitakate. Mamangu alikuwa akifanya hivi hivi na mbuzi yake."

"Mbuzi?"

"Mbuzi ya kukunia nazi, mwanangu! Kile chuma chenye meno. Ukikipitisha kwenye moto wa vifuu harufu yote yatoka. Nyumba hii hatujawahi kukuna nazi kwa mbuzi inayonuka."

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe, nikakaa chini kwenye mchanga nikiwa nimeshika mbavu. Mama Emily akanitazama kama mtu anayefikiria kumwita jirani.

"Wewe ndiwe Moraa wa bolti za unga?"

"Ndimi, mama. Na sasa nimeujua unga wangu unasagwa wapi."

Akakunja uso. Nikajifuta machozi, nikasogea karibu naye, nikamweleza kwa lugha ya jikoni kwa sababu wote wawili tulikuwa mbele ya mafiga. Nikamwambia bolti huanza kama waya nene. Mashine huikata ikiwa baridi na kuipiga kishindo kimoja viwili mpaka kichwa kikatokea. Nyuzi zake, ile mizunguko inayoshika nati, hazichongwi. Bolti huviringishwa kati ya vyuma viwili vyenye mistari, kama unavyoviringisha unga wa chapati kati ya viganja, na nyuzi hujitokeza zenyewe bila chuma kukatwa. Halafu huja upishi. Hutiwa kwenye tanuri mpaka ziwe nyekundu, hutumbukizwa ghafla zikapoe, hapo huwa ngumu lakini ni ngumu ya kuvunjika. Kisha hurudishwa kwenye moto mdogo zitulie. Watu waliosomea moto huo ndio hupanga ziwe 8.8 au 10.9.

"Kwa hivyo zimeshapikwa," Mama Emily akasema.

"Zimeshapikwa, mama. Na wewe ukizipika tena, upishi wa kwanza unafutika. Mbuzi ya kukunia nazi haivutwi na jeki, hiyo haijali. Bolti inajali."

"Mbona namba iko bado kichwani?"

"Namba imegongwa kwenye chuma, haitoki. Ila ile nguvu haipo tena. Niambie, zile zilizorefuka ulizipoza vipi?"

"Niliziacha kwenye jivu mpaka asubuhi, kama kawaida."

"Zikalainika. Na zile zilizokatika?"

Akafikiri. "Siku ile kulikuwa na mazishi, nikawa n'na haraka. Nikazimwagia maji."

"Zikawa ngumu kama chupa. Na chupa ukiivuta hukatika."

Mama Emily akanitazama kwa jicho la pembeni. Nikajua hajaniamini, na mimi sipendi kutoaminiwa, basi nikatoa tupa mkobani. Kando ya mafiga kulikuwa na bolti moja ya 8.8 iliyorefuka, ambayo Emily hakuileta dukani. Nikampa aikwaruze. Tupa ikaila bolti, chembe za chuma zikamwagika kwenye leso yake. Nikampa mpya yenye namba ileile kichwani. Akakwaruza, tupa ikalia kwa ukali, ikaacha mkwaruzo mwembamba tu. Akarudia ya kwanza. Akarudia ya pili. Akasukuma kwa nguvu zake zote, na mama yule ana nguvu. Kisha akaweka tupa chini, akashika tama.

"Ole wangu," akasema.

"Si kosa, mama. Hakuna aliyekuambia."

"Nani angeniambia? Kijana hawezi kuniuliza, mimi siwezi kumuuliza. Emily ameniona nikichoma vyuma tangu azaliwe. Kwake ni kama kuniona nikifagia." Akaangalia makaa. "Nimesema kanisani, Moraa. Nimesema sokoni. Nimemwambia shemeji yangu Sanga, ambaye ndiye atakayetusemea kesho, awajibu wazee wa watu kwamba hatumtaki. Sasa niseme nini? Nisimame mbele ya watu, mimi mtu mzima, niseme nilipika bolti?"

"Useme hivyo hivyo."

"Wewe umetoka kwenu Kisii hujui watu wa hapa. Watanicheka mpaka wajukuu." Akanishika mkono kwa nguvu. "Nipe hizo mpya nifunge. Na haya yabaki yangu na yako. Nimekuomba."

Nilitaka kukataa. Jina langu lilikuwa linaoza sokoni, kijana wa watu alikuwa amekata tamaa, na dawa ilikuwa kinywani mwangu. Lakini alikuwa ameniomba kwa macho yaliyojaa maji, na ni mkubwa kwangu. Nikampa bolti, nikamsaidia kuzifunga, nikamwonyesha jinsi ya kuzisafisha kwa sabuni na maji moto na kuzifuta na kuzipaka grisi. Nikarudi Malindi nikiwa na hasira na kila mtu, pamoja na mtu wa pikipiki ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Jumapili nilikuwa Ganda kabla ya wageni. Emily alikuwa amenialika, na hata kama hangenialika ningekwenda. Wazee wa Laban waliingia wakiongozwa na mjomba wake Kahindi, mzee mchangamfu wa kofia ya ukili. Walikuwa wamebeba vibuyu vya tembo la mnazi kwa wazee na kreti za soda kwa watu wa kanisani, ili mtu yeyote asikose sababu ya kufurahi. Laban alibaki nje ya ua, ameegemea nguzo, suruali ameipiga pasi mpaka ungeweza kujikata nayo. Mama Emily aliketi upande wa wanawake, kando ya mashine, amempa Laban mgongo. Alikuwa amelifunika bamba lake kwa kitambaa cheupe kama bi harusi.

Salamu zikawa ndefu. Kahindi akauliza hali, akajibiwa. Akauliza ya mvua, akajibiwa. Mwishowe akasema wamekuja kuchukua jibu la ile posa.

Sanga akasimama. Ni mtu wa maneno mazito, hupenda kuzungumza huku ameshika ukosi wa koti. "Ndugu zangu," akasema, "tumewasikia, na tunawaheshimu. Lakini kijana wenu alituundia mashine. Ameitengeneza mara ya kwanza ikashindwa. Mara ya pili ikashindwa. Mara ya tatu ikashindwa. Sisi tumejiuliza, kama kazi ya chuma yamshinda, kazi ya nyumba ataiweza?"

Watu wakaguna. Nikamtazama Mama Emily. Hakunitazama. Nilikuwa nimeuma midomo yangu mpaka nahisi ladha ya damu.

"Na tumeambiwa," Sanga akaendelea, "kwamba bolti zenyewe zilinunuliwa kwa mtu anayeuza vitu bandia. Simtaji jina." Na akanitazama, pamoja na watu wote.

Nikasimama. Sijui ningesema nini. Ninachojua ni kwamba lingekuwa la kusikika mpaka Malindi. Lakini sauti ya Laban ikanitangulia kutoka kule kwenye nguzo.

"Wazee, naomba msimguse mama huyo. Bolti zake ni nzuri. Mimi ndiye fundi. Mashine ikishindwa, makosa ni ya fundi. Kama jibu ni la, basi nalipokea, ila nitakuja kila Jumapili kuirekebisha mpaka isimame, nikiwa na mke au bila mke."

Alisema kwa upole uleule wake, bila kuinua kichwa. Emily aliyekuwa mlangoni akafunika uso na ukingo wa leso. Sanga akafungua kinywa amalizie jibu alilotumwa.

"Sanga, kaa," Mama Emily akasema.

Akainuka. Hakugeuka alikokuwa Laban, maana heshima ni heshima. Akaielekea mashine, akalivua bamba kile kitambaa cheupe, akaweka mkono wake juu ya chuma.

"Wewe mashine," akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Nina maneno nataka umfikishie mtu aliyekuunda, kwa sababu mimi siwezi kuongea naye. Mwambie alikuunda vizuri. Mwambie bolti za Moraa ni za kweli. Mwambie ni mimi, Nyevu, niliyezichukua nikazitia kwenye moto wa vifuu kila Jumamosi, nikazipika kama mihogo, halafu nikazunguka mji mzima nikimtukana yeye."

Kuku akapita. Kisha mwanamke mmoja nyuma akarudia, "Kazipika?" na ua ukalipuka. Walicheka wazee, walicheka watoto, Kahindi kofia ikamdondoka. Mama Emily akasimama pale pale kicheko kikimpiga kila upande, hakutoa mkono wake juu ya bamba, na nilimpenda siku ile kuliko mtu yeyote aliyekuwepo.

Kilipopungua, Laban akasogea hatua kutoka kwenye nguzo, naye akaigeukia mashine.

"Mashine, mwambie mama kwamba sijaona tusi. Mwambie fundi alipaswa kutafuta njia ya kueleza namna ya kukutunza, akaona haya. Mwambie anisamehe."

"Mashine," Mama Emily akasema, "mwambie aache kuomba radhi ovyo, ataharibu siku." Watu wakacheka tena. "Na mwambie atazame."

Akajaza pipa mwenyewe, akashika mpini wa jeki. Hakutaka kusaidiwa. Akapiga, akapiga, jasho likamtoka, fremu ikalia kidogo, na macho yetu sote yalikuwa kwenye zile bolti nne. Nilijua zitashika, na bado nilikuwa sipumui. Akapiga tena kwa uzito wake wote. Bamba halikuinama hata kidogo. Mafuta yakaanza kudondoka, yakawa uzi, yakaingia kwenye sufuria meupe na safi, na harufu ya nazi ikajaa uani.

Alisubiri mpaka chupa moja ikajaa. Akaifuta kwa ncha ya leso yake, akaifunga kifuniko, akamwita Emily akampa mkononi. Safari hii hakuiambia mashine.

"Mpe," akasema. "Mwambie ampelekee mamake. Mwambie ni salamu kutoka kwa mkwe mwenzake."

Emily hakutembea kwenda kwenye ile nguzo, alikimbia. Wazee walikuwa wameshaanza kupiga makofi na wanawake vigelegele, lakini mimi nilikuwa namtazama Mama Emily, ambaye alikuwa ameipa mgongo furaha yote ile kama desturi inavyomtaka, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika bamba, akilia na kucheka kwa pamoja asiweze kugeuka amwone mkwewe. Basi nikaenda nikasimama kando yake, nikatazama kule ambako yeye hakuweza kutazama, na nikamsimulia kila kitu.